Chupa, kisanduku, paketi au bahasha: vitamini zako zisafiri ndani ya nini?

Begi limeshajaa, basi linaondoka alfajiri, na mezani limebaki kopo la vitamini lenye vidonge 180 kwa safari ya wiki mbili. Ulibebe zima? Uhamishie vichache kwenye kile kisanduku chenye vyumba vya Jumatatu hadi Jumapili? Upite duka la dawa ununue paketi mbili, kopo libaki nyumbani? Au umimine vya kutosha kwenye bahasha ya dawa, ukunje mdomo wake, uondoke?

Wengi huamua kwa kuangalia nafasi iliyobaki kwenye begi. Nafasi ni jambo la kweli, lakini peke yake haitoshi, hasa kwa sisi tunaosafiri ukanda wa pwani. Lebo nyingi za vitamini zinataka zihifadhiwe mahali pakavu, chini ya nyuzi joto 25 au 30. Dar es Salaam mwezi Februari na Machi mchana hupita nyuzi 30, na hewa ina unyevu usiku na mchana. Anayesafiri kwa basi kwenda Tanga wakati huo huwa ameshakiuka sharti la lebo kabla ya kufika Chalinze. Kwa hiyo swali la chombo gani ubebe lina uzito kuliko linavyoonekana.

Hapa nazungumzia vitamini na madini ambayo mtu anatumia kila siku. Dawa ulizoandikiwa na daktari kwa ajili ya ugonjwa zina masharti yake, na hizo muulize mfamasia wako.

Tunapima kwa vigezo gani

Vyombo vyote vinne nimevipitisha kwenye maswali yaleyale manne.

La kwanza ni kinga dhidi ya unyevu na mwanga. Unyevu ndio unaoharibu vitamini nyingi safarini. Vitamini C ikikutana na hewa yenye maji huanza kuoza kikemikali: kidonge cheupe kinageuka manjano, kisha kinatoa madoa ya kahawia, na nguvu yake inapungua. Vitamini A, B2 na B12 hazipendi mwanga. Joto nalo lina nguvu zake, lakini hakuna hata kimoja kati ya vyombo hivi vinne kinachozuia joto. Joto linazuiwa na mahali unapokiweka chombo, nalo nitalirudia baadaye.

La pili ni utambulisho: je, wewe mwenyewe, daktari wa ugenini au afisa wa mpakani anaweza kujua hiki ni kidonge gani, kina kiasi gani, na kinaisha muda lini?

La tatu ni watoto. Na la nne ni begi na kumbukumbu: kinachukua nafasi gani, na kinakusaidia kukumbuka kumeza au la.

Bei sikuifanya kigezo. Bahasha hupewi kwa kulipia, kisanduku cha plastiki si ghali, na kinachogharimu zaidi ni vitamini zenyewe zinapoharibika.

Chupa au kopo lake la dukani

*Unyevu na mwanga.* Chupa imetengenezwa kwa kazi hii. Nyingi zina rangi ya kahawia au nyeupe isiyopitisha mwanga, kifuniko kinachobana, na ndani kuna kile kifuko kidogo cha punje za kukausha unyevu. Kifuko hicho kiache humohumo mpaka kidonge cha mwisho. Pamba, kama ipo, itoe siku ya kwanza, maana ikishafunguliwa inavuta unyevu na kuuweka karibu na vidonge.

Lakini chupa kubwa ina udhaifu wake. Kila unapoifungua kwenye chumba cha wageni Pangani au Lamu, hewa ya bahari inaingia, na vidonge vyote vilivyomo vinaipata, hata vile utakavyovimeza baada ya miezi minne. Ukibeba vidonge 180 ili umeze 14, umeviweka rehani vile 166 bila sababu.

*Utambulisho.* Hapa chupa haina mpinzani. Jina, kiasi, namba ya toleo, tarehe ya kuisha, vyote vipo mahali pamoja. Uwanja wa ndege akitokea mtu wa kuuliza, unamwonyesha lebo na mazungumzo yanaisha.

*Watoto.* Baadhi ya chupa zina kifuniko cha kukandamiza huku unazungusha. Hicho kinamchelewesha mtoto, hakimzuii kabisa. Chupa yenye kifuniko cha kawaida mtoto wa miaka mitatu anaifungua.

*Begi na kumbukumbu.* Inajaza nafasi, inapiga kelele, na haikwambii kama jana ulimeza.

Inamfaa anayevuka mipaka, anayekwenda kukaa muda mrefu, na anayetumia aina moja au mbili tu. Njia ambayo mimi naipenda zaidi ni ya katikati: nunua mara moja chupa ndogo ya vidonge 30 ya vitamini hiyohiyo, na ikiisha usiitupe. Safari ijayo ijaze kutoka kwenye kopo kubwa, kiasi cha safari tu, ukiandika kwa kalamu ya wino usiofutika tarehe ya kuisha ya hilo kopo kubwa juu ya ile ya zamani. Unabaki na lebo sahihi, kifuniko kizuri na mzigo mdogo.

Kisanduku cha vyumba saba

*Unyevu na mwanga.* Hapa ndipo kilipo dhaifu, na ni vizuri kulisema wazi kwa sababu watu wanakiamini kuliko kinavyostahili. Vifuniko vyake vingi ni plastiki angavu inayopitisha mwanga, na havibani hewa. Kidonge kilichokaa humo siku ya saba si sawa na kile cha siku ya kwanza, hasa kama ni vitamini C na uko Mombasa wakati wa mvua za masika. Jaza kwa wiki moja. Kama safari ni ya wiki tatu, vilivyobaki vikae kwenye chupa.

*Utambulisho.* Hakuna lebo. Ndani ya chumba kimoja kuna kidonge cheupe cha mviringo, cha manjano kirefu na kapsuli ya rangi mbili, na baada ya wiki hata wewe unaanza kujiuliza kipi ni kipi. Piga picha lebo ya kila chupa kwa simu kabla hujajaza, pande zote mbili, tarehe ionekane. Na usichanganye humo dawa za presha au kisukari na vitamini kama hujazoea kupanga hivyo, kwa sababu safarini ni rahisi kudhani umemeza yote kumbe umemeza upande mmoja.

*Watoto.* Kinafunguka kwa kucha. Kwa mtoto hakina ulinzi wowote, na rangi zake zinamvutia.

*Begi na kumbukumbu.* Hapa ndipo kinapojilipa. Ni chembamba, kinaingia mfuko wa pembeni wa begi, na ukiona chumba cha Jumatano bado kimejaa jibu unalo. Vipo vyenye safu mbili, asubuhi na jioni, na hivyo vina faida ambayo watu wengi hawaifikirii: kalsiamu hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma, kwa hiyo anayetumia vyote viwili anatakiwa kuvitenganisha. Ukiweka chuma safu ya juu na kalsiamu safu ya chini, mpangilio unajilinda wenyewe. Kabla ya kukitia begini, kizungushie mpira wa kufungia noti. Vifuniko vyake hufunguka begi linapobanwa, na vidonge vya siku tano ukavikuta chini kabisa vimechanganyika na makombo ya biskuti.

Kinamfaa mwenye aina tatu au nne kwa siku, mwenye ratiba iliyovurugika, na wazee ambao kumeza mara mbili kwa kusahau ni hatari halisi.

Paketi za kubinya

Ni zile ambazo kila kidonge kimefungwa kwenye shimo lake, unakibinya kinatoboa karatasi ya bati nyuma.

*Unyevu na mwanga.* Kwa hali ya hewa ya pwani, hizi ndizo zinazovishinda vyombo vingine. Ukitoa kidonge cha leo, cha kesho hakijaguswa na hewa. Zile zenye bati pande zote mbili ni bora kuliko zenye plastiki angavu mbele, maana plastiki inapitisha mwanga na, kidogokidogo, unyevu pia. Sharti ni moja: kibinye kidonge wakati maji yako mkononi, usikitoe mapema.

*Utambulisho.* Ni mzuri mpaka mkasi unapoingia. Kwenye maduka ya dawa huku kwetu ni kawaida kuuziwa nusu paketi. Sasa iangalie paketi hiyo vizuri: jina limerudiwa mgongoni mara kadhaa, lakini namba ya toleo na tarehe ya kuisha kwa kawaida zimegongwa mwisho mmoja tu, ukingoni, mara nyingi bila wino, zinasomeka ukiigeuza kwenye mwanga. Muuzaji akikata, anayepata upande wa pili anaondoka na vidonge visivyo na tarehe. Omba upande wenye tarehe. Kama upande huo umeshachukuliwa na mwingine, nunua paketi nzima. Ukiwa nyumbani na wewe unakata, anza kutumia upande usio na tarehe, ile tarehe ibaki mpaka mwisho.

*Watoto.* Zinamchelewesha mtoto zaidi ya kisanduku na bahasha, kwa sababu lazima abinye kimoja kimoja. Kumchelewesha tu, lakini.

*Begi na kumbukumbu.* Ni nyepesi na hazipigi kelele. Pembe zilizokatwa ni kali, zinatoboa mfuko na kuchana kidole. Kwa kumbukumbu, shimo tupu linakwambia idadi, halikwambii siku, ingawa unaweza kuandika J3, J4, J5 nyuma kwa kalamu. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba si kila vitamini inauzwa hivyo. Zinazoagizwa Ulaya na Marekani nyingi ni za chupa.

Zinamfaa msafiri wa basi na boti, wa msimu wa mvua, na anayehama kila siku mbili kutoka mji hadi mji.

Bahasha ya dawa na kifuko cha zipu

Hii ndiyo njia ya wengi, na sioni sababu ya kuidharau. Mama mjamzito akitoka kliniki hupewa vidonge vya FeFo, yaani madini ya chuma na asidi ya foliki, vimehesabiwa kutoka kwenye kopo kubwa, vimewekwa kwenye bahasha iliyoandikwa 1x1. Hakuchagua yeye.

*Unyevu na mwanga.* Ya karatasi haizuii unyevu, inaupokea. Ya plastiki yenye zipu inazuia kwa siku chache kama imefungwa vizuri, lakini haizuii mwanga, na haizuii kusagwa. Chini ya begi zito utakuta unga.

*Utambulisho.* Ni kile tu kilichoandikwa kwa mkono, na maandishi ya kalamu yanafutika kwa jasho. Hakuna tarehe ya kuisha isipokuwa umeiuliza na ukaiandika.

*Watoto.* Hakuna ulinzi wowote.

*Begi na kumbukumbu.* Hakuna kinachoishinda kwa wepesi. Lakini ukivuka mpaka na vifuko vya plastiki, kumbuka sheria. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya Agosti 2017, Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Katazo la Tanzania lilitoa nafasi kwa vifuko vya zipu ambavyo mgeni amebebea vitu vyake vya kuogea, mradi aondoke navyo. Kifuko kimoja hakitakuletea shida, ila kukigawa au kukitupa ovyo si sawa.

Inafaa kwa safari ya siku mbili tatu: msiba, harusi, mkutano. Na kama ndicho ulichopewa kliniki na safari ni ndefu, usiache dozi kwa sababu ya chombo. Bahasha nzima iingize ndani ya chupa ndogo tupu, safi, iliyokauka kabisa, yenye kifuniko kinachobana. Maandishi yanabaki, unyevu unazuiwa, na vidonge havisagiki.

Aina za vidonge zinazokataa baadhi ya vyombo

Wakati mwingine huna uchaguzi, kidonge kimeshakuchagulia.

Vidonge vya kuyeyusha kwenye maji havihamishwi kamwe. Ile tyubu yake ina kifuniko chenye kikausha unyevu ndani, kwa sababu maji kidogo tu yanatosha kuanzisha ule mchemko. Kiweke kwenye kisanduku usiku mmoja pale Unguja, asubuhi utakikuta kimevimba na kulainika. Funga tyubu mara tu unapotoa kimoja.

Mafuta ya samaki na vitamini D au E za vidonge laini hushikana kwenye joto, wakati mwingine hupasuka na kuchafua kila kilicho karibu. Hivi haviwi pamoja na vidonge vikavu. Vikinuka uchachu wa samaki aliyekaa, tupa. Harufu kali ya vitamini B ni ya kawaida, isikutishe.

Vitamini za pipi za watoto zinayeyuka na kuwa bonge. Bakteria rafiki wa tumbo, wale wa kapsuli, baadhi wanahitaji friji. Soma lebo kabla hujaamua kuwabeba. Za maji, kwa anayepanda ndege, zikae ndani ya kipimo cha mililita 100 kwenye begi la mkononi, au ziende kwenye begi la kukabidhi zikiwa zimefungwa mara mbili. Unga wa protini au kolajeni kwenye ndege ziendazo Marekani: ukizidi mililita 350 kwenye begi la mkononi unaweza kufanyiwa ukaguzi wa ziada, hivyo uweke kwenye begi kubwa.

Chombo umeshakipata, sasa ukiweke wapi

Kwenye basi, mizigo ya buti inapata joto na vumbi. Vitamini zikae kwenye begi unaloshika, chini ya kiti upande usiopigwa na jua. Kwenye gari dogo, dashibodi na kabati lake ni mahali pabaya kabisa, maana gari lililoegeshwa juani hupita nyuzi 50 ndani. Hotelini, bafu lina mvuke na dirisha lina jua. Droo ya meza ya kitanda inatosha.

Friji watu huiona kama usalama, lakini chupa iliyotoka baridini ikifunguliwa kwenye hewa ya moto, umande unajikusanya ndani, juu ya vidonge. Kama lebo haijasema friji, usiweke.

Kulingana na safari yako

Unakwenda kijijini siku tatu kwenye msiba: bahasha yenye jina na tarehe inatosha, ndani ya chupa ndogo kama ni masika.

Unazunguka kikazi Dodoma, Mwanza, Bukoba kwa wiki mbili: paketi za kubinya kama vitamini yako inapatikana hivyo. Kama haipatikani, chupa ndogo uliyoijaza upya.

Wewe ni mjamzito na unasafiri na FeFo: usalama wa chombo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni chai. Basi likisimama asubuhi Morogoro na ukashushia kidonge na chai, sehemu kubwa ya chuma haifyonzwi. Meza kwa maji, chai isubiri saa moja au mbili. Kama una kalsiamu pia, kisanduku cha safu mbili kitakufaa, ukijaza siku saba tu.

Unampeleka mzee Umra au Hija: chupa zenye lebo zibaki hotelini, ambako kuna kiyoyozi, na kisanduku cha wiki kiwe mkononi mwa yule anayemsimamia. Anapotoka nje, abebe dozi ya siku hiyo peke yake. Joto la Makka kiangazi hupita nyuzi 40, na vidonge vya mwezi mzima havina sababu ya kutembea juani.

Unarudi nyumbani kutoka Toronto, London au Muscat na kopo kubwa la zawadi: najua linakokwenda. Shangazi atalifungua na kuwagawia dada zake wawili kwenye karatasi, na baada ya wiki hakuna atakayejua ni nini, cha nani, kwa siku vingapi. Nunua makopo matatu madogo yaliyofungwa badala ya moja kubwa. Kila nyumba ipate lebo yake, na waandikie kwa Kiswahili juu ya kopo: kimoja kwa siku, baada ya chakula, kama ndivyo lebo inavyoelekeza. Muulize kwanza kila mmoja anatumia dawa gani.

Unasafiri na mtoto mdogo, au unakwenda kwenye nyumba yenye watoto: hapa kigezo cha tatu kinatangulia vingine vyote, na kama una madini ya chuma kisanduku na bahasha havifai. Vidonge vingi vya chuma vina ganda jekundu linalong'aa kama pipi. Kidonge kimoja cha wajawazito kina takriban miligramu 60 za chuma, na dalili za sumu zinaweza kuanza kwa takriban miligramu 20 kwa kila kilo ya mwili. Kwa mtoto wa kilo 10, vidonge vinne vimeshavuka kiwango hicho. Beba chupa yenye kifuniko cha kukandamiza, na ukifika iweke juu ya kabati. Usiiache kwenye mkoba, kwa sababu mkoba wa mgeni huwekwa kitandani na watoto wa nyumba hiyo wanajua kuna zawadi ndani. Ikitokea mtoto amevimeza, mpeleke hospitali saa hiyohiyo pamoja na chupa yenyewe ili wahesabu vilivyobaki, hata kama ametapika na anaonekana ametulia. Sumu ya chuma huwa na saa kadhaa za utulivu kabla ya hali kuwa mbaya zaidi.